Dakika 19 angani, siku nzima kwenye nyasi

Nilipomwambia shemeji kwamba Jumamosi naenda kuruka na glaida, aliuliza: "Na injini ikizima?" Nikamjibu haina injini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi dada yako asijue."

Naishi Luton, Uingereza, na klabu niliyokwenda ipo chini ya vilima vya Dunstable, mwendo mfupi wa gari. Wanaoniuliza habari za siku ile wanataka kusikia ya kule juu. Mimi huwaanzia ya chini, maana huko ndiko utakakoshinda. Klabu hizi huendeshwa na wanachama wenyewe kwa kujitolea. Hakuna mhudumu wa kukusubiri. Nilifika saa nne asubuhi na raba nyeupe, nikidhani saa sita nitakuwa sokoni. Niliruka saa tisa alasiri.

Kwa hiyo wahi, jina lako liingie mapema kwenye orodha, na usipange shughuli nyingine. Beba maji na chakula. Viatu viwe vya matope. Kofia iwe laini, tena isiyo na kile kifungo cha utosini, kwa sababu kichwa kitakaa karibu kabisa na kifuniko cha plastiki angavu, na kukikwaruza ni hasara ya watu.

Utapewa kazi, ipokee. Mimi nilipewa kushika bawa. Ndege ya mafunzo, ASK 21, ina mita 17 kutoka ncha hadi ncha, na ikisimama huegemea upande mmoja, hivyo lazima mtu ainyanyue ncha. Niliikamata kama kamba ya ng'ombe. Mzee mmoja akanigusa mkono: "Vidole tu. Sikiliza upepo unalisukuma wapi." Nililegeza, na kweli, bawa likaanza kusema na mimi, mara linazidi uzito, mara linapepesuka. Winchi, yaani mashine inayoivuta ndege kwa waya mrefu mpaka ipae, ikivuta unakimbia hatua tatu nne, kisha linakuponyoka lenyewe. Waya wa winchi usiuguse, hata ukiwa umelala kimya kwenye nyasi.

Zamu yako ikifika, mikono iweke mapajani. Winchi iko upande wa pili wa uwanja, karibu kilomita moja. Waya unatambaa, unakaza, na ndani ya sekunde chache umeshapita kilomita 100 kwa saa, pua imeelekea juu, huoni ila mawingu. Kwenye futi 1,200 hivi mwalimu alivuta kitasa cha manjano, ukasikika mlio wa waya kuachia. Husemwa kwamba hapo kunakuwa kimya. Si kweli. Upepo unavuma kama kwenye dirisha la daladala lisilofunga vizuri.

Nje ya kioo, mbele ya macho yako, kuna uzi wa sufu umebandikwa kwa utepe. Ukinyooka katikati, ndege inakwenda sawa. Ukilala upande, ndege inateleza kando. Ndege nzima ile, na kifaa kilichonivutia kuliko vyote ni uzi wa kufumia sweta!

Usipopata hewa inayopanda ya kukuinua, utakuwa chini baada ya dakika tano sita. Sisi tulimpata mwewe. Vilima vya Chiltern, ambavyo vya Dunstable ni sehemu yake, vina mwewe wengi wekundu, waliorudishwa huko kati ya 1989 na 1994. Nyumbani tuliwarushia mawe wasichukue vifaranga; huyu alikuwa anazunguka bila kupiga bawa, ishara kwamba hewa hapo inapanda, na mwalimu akasema, "Twende kwake." Tulipoingia chini yake kiti kilinisukuma kutoka chini, variomita, kipimo cha kupanda na kushuka, ikaanza kulia haraka haraka, tukapanda futi 400 kwa kuzunguka tu.

Kuzunguka huko ndiko kulikonimaliza. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na macho nilikuwa nimeyakazia vipimo badala ya kutazama mbali. Nilikaa kimya kwa aibu mpaka jasho jembamba likanitoka. Wewe sema mapema. Mwalimu hakushangaa hata kidogo. Alinyoosha mabawa, akafungua kidirisha cha hewa, akanionyesha London kwenye ukungu mpaka tumbo likatulia.

Saa moja jioni shemeji alipiga simu. "Umeshuka?"

"Nimeshuka zamani, shemeji. Nafuta wadudu kwenye bawa."