Kocha, usizibebe wewe pasipoti za watoto

Umeniandikia kwamba unawapeleka vijana wako kucheza mpira Kitwe, Zambia, ambako watalala kwa familia za wenyeji. Umeuliza zawadi gani upelekee familia hizo, watoto watakula nini, wapewe pesa ngapi ya mfukoni, na viatu sijui vya aina gani. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, pale unaposema hati za vijana wote 16 utazitia kwenye begi lako "ili wasizipoteze". Zitoe humo. Leo hii, kabla hujamaliza kunisoma.

Mimi pia nilikuwa na begi. La ngozi, zipu mbili, nililinunua soko la Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, nikajiona waziri. Agosti 2018 nilivuka mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa na vijana 14 wa chini ya miaka 15, nimelikumbatia kama kitoto kichanga: pasipoti, vitabu vya chanjo ya homa ya manjano, barua za wazazi zenye muhuri wa komini. Ofisa akinyoosha mkono, natoa. Safi kabisa. Aliyenishauri hivyo ni bwana mmoja wa upande wa pili, mwandaaji wa mashindano tuliyokuwa tunaenda kucheza, kwa sauti zake za WhatsApp: "Papa, karatasi zote shika wewe. Familia ziko karibu na kiwanja. Kitwe ni kama Katuba tu." Kama Katuba, komini yetu ya Lubumbashi! Watoto walitawanywa mitaani kuanzia Riverside hadi Chimwemwe, mmoja huku, mmoja kule, na mimi nikaambiwa nipumzike.

Usiku wa pili, kipa wangu wa miaka 13 alikuwa Chimwemwe kwa mjane mmoja mwenye roho ya dhahabu. Saa saba usiku tumbo likamkata upande wa kulia, akawa anatapika, mguu haunyooki. Mama wa watu akagonga kwa jirani mwenye gari, wakamkimbiza hospitali. Pale mapokezi wakauliza: jina lake nani? Mama anajua "Kidiaba" tu. Ndivyo wenzake walivyomwita, maana akidaka penalti alikuwa anarukaruka kwa matako kama Kidiaba, kipa wa timu yetu ya TP Mazembe, kule Abu Dhabi mwaka 2010. Basi wakaandika Kidiaba. Karani akacheka, akidhani anataniwa. Umri? Wazazi? Kuna dawa inayomdhuru? Nani atatia sahihi apasuliwe? Kijana anajibu Kifaransa na Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na Kibemba chake ni cha kununulia maandazi.

Mama akapiga namba niliyomwachia. Namba ya +243, ya Kongo. Na laini hiyo, kocha, nilikuwa nimeichomoa na kuikunja ndani ya noti ya kwacha mbili, kwa sababu nimeweka laini ya Zambia nipate vifurushi vya bei nafuu. Alipiga mara 11. Mimi nimelala fofofo mjini, begi liko chini ya mto.

Kilikuwa kidole tumbo. Walinipata saa moja asubuhi kiwanjani, nikiwapanga mabeki. Madaktari walikuwa wamesita usiku kucha kumpasua mtoto wa nchi nyingine bila mtu wa kutia sahihi, na alipoingia chumba cha upasuaji, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasukia ndani. Siku 9 kitandani, na mrija wa usaha ubavuni. Askari naye akaja kuuliza mtoto asiye na karatasi aliingiaje nchini. Mimi nilitoa dola 700 na zaidi. Jenereta yangu iko kwa jirani hadi leo, naisikia kila umeme ukikatika.

Ungedhani hapo nimejifunza. Siku ya nne timu inarudi, mimi nabaki na mgonjwa, msaidizi wangu anaondoka na wenzake, na begi. Lote! Mpakani wakahesabu pasipoti 14 na vichwa 13, wakahesabu tena, wakawaweka pembeni hadi jioni katikati ya malori ya shaba. Mimi niko Kitwe na mtoto mwenye mshono, karatasi zake ziko Lubumbashi. Dereva wa lori ndiye aliyezirudisha, zimefungwa kwenye mfuko wa sukari.

Nilipomkabili yule bwana wa WhatsApp, alinijibu: "Papa, si nilikuambia uzitunze vizuri?" Nikakaa kimya, kwa sababu uwanja ule ulikuwa na watoto.

Kwa hiyo: karatasi inalala pale mtoto anapolala. Kila mtoto na bahasha yake, unaikabidhi mkononi mwa mama wa nyumba, naye anaifungua mbele yako. Ndani kuna pasipoti, kitabu cha chanjo na barua ya wazazi iliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu daktari wa kule Kifaransa chetu hakimsaidii. Barua imtaje mama huyo kwa jina kwamba anaruhusiwa kukubali matibabu. Ndiyo maana majina ya familia unayataka kabla ya kuondoka, si mkishafika. Namba yako iwe ile inayoita ukiwa Zambia. Na walale wawili wawili, ili mmoja akizidiwa mwenzake aweze kusema anaitwa nani.

Utaniambia zitapotea. Mwaka uliofuata moja ilipotea kweli. Ilikuwa nyuma ya friji.

Zawadi: kikwembe kizuri, yaani kitenge, inatosha. Chakula: nshima yao ni bukari wetu, ugali ule ule, usihangaike. Ila wafundishe barabara, magari ya kule yanapita kushoto, na watoto wetu wanaangalia upande usio sahihi. Winga wangu aliponea chupuchupu.

Kipa amepona, ana kovu analowaonyesha wasichana na kuwaambia ni la mechi. Mama yake nikikutana naye sokoni bado ananiuliza: "Papa Begi, habari za safari?"