Kanisa letu limeungua. Tujenge lilelile?

SWALI: Kanisa letu kuu la zamani limeteketea kwa moto. Mama alibatizwa humo, nami nilifungia ndoa humo. Kamati inataka kulijenga upya kwa sura ileile, lakini wazee wanasema hilo litakuwa kama picha ya marehemu. Nani asikilizwe?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Natoa pole ya msibani, maana huo ni msiba. Nimetunza sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya ibada, miaka mingi. Ubani ulioingia kwenye mbao kizazi baada ya kizazi haurudishwi na fundi yeyote, na hapo wazee wako wamesema kweli.

Hata hivyo, kuna mji wa Sitka, Alaska, ambao siachi kuufikiria. Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, la Waorthodoksi, lilitabarukiwa huko mwaka 1848, Alaska ikiwa bado ya Urusi. Lilikuwa la magogo. Mwaka 1867 Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani, lakini kanisa halikufa, kwani Watlingit, wenyeji wa pale, waliendelea kusali humo. Tarehe 2 Januari 1966 moto uliozuka mjini ukalifikia. Watu wakajipanga mstari, hata wasio waumini wa pale, wakapokezana ikoni, yaani picha takatifu, mkono kwa mkono hadi nje. Vitu vingi vya thamani viliokoka. Kengele ziliyeyuka.

Bahati yao ni kwamba miaka michache kabla ya moto, jengo lilikuwa limepimwa na kuchorwa. Kwa michoro ile walijenga tena kwa sura ya awali, safari hii kwa vifaa visivyoshika moto kirahisi, kazi ikakamilika mwaka 1976. Ikoni zilizopita mikononi mwao zikarudi ndani. Mimi siwezi kuliita kanisa hilo picha ya marehemu.

Kwa hiyo kamati isikimbilie mchoraji. Ikae kwanza na wazee haohao wanaopinga, maana ndio wanaojua mlango ulifungukia upande gani na jua la asubuhi liliangukia wapi. Kifusi kisizolewe kabla hakijachambuliwa. Msumari wa zamani au kipande cha kengele kitafutiwe mahali katika jengo jipya. Mtafuteni fundi aliyewahi kupanda darini kukarabati. Na albamu ya ndoa yako ipeleke wewe mwenyewe: nyuma ya mabega yenu huenda madhabahu inaonekana yote.