Kulala ryokan Japani: mambo ya kujua kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza mawili: kama ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, inastahili bei yake kwa mume na mke watakaokuwa Tokyo na Kyoto, na kama Mwislamu anaweza kula kule bila wasiwasi. La kwanza, ndiyo, kwa usiku mmoja au miwili, ila siku hiyo usipange kitu kingine chochote. La pili linategemea ujumbe utakaowaandikia kabla hujalipa, nitalifikia.

Kwanza bei, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Ryokan huuza kwa kichwa, haiuzi kwa chumba. Ukiona yen 25,000, nyinyi wawili ni 50,000. Ndani yake mna chumba, chakula cha jioni, cha asubuhi na mabafu ya maji moto ya ardhini, yaani onsen. Mpango huo Wajapani huuita ippaku nishoku, usiku mmoja milo miwili. Ryokan nzuri ya kawaida inacheza kati ya yen 20,000 na 40,000 kwa mtu. Chini ya hapo utapata minshuku, nyumba ya familia yenye vyumba vichache, choo cha pamoja na chakula cha nyumbani, na si jambo baya hata kidogo. Angalia tu unapolinganisha: tovuti za Kijapani huandika bei ya mtu mmoja, za kimataifa mara nyingi huandika ya chumba kizima. Juu yake kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yen 150 kwa mtu kwa usiku. Kyoto wana kodi yao ya malazi, na tangu 1 Machi 2026 imepanda sana: anayelala kwa yen 20,000 hadi 49,999 hulipa 1,000 kwa usiku, na wa 100,000 kwenda juu hulipa 10,000.

Sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda jikoni. Chakula cha jioni ni kaiseki, sahani ndogo ndogo zinazoletwa kwa zamu: vionjo, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha, na mwisho wali, supu ya miso na achari. Huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Wapishi hununua kwa idadi ya wageni waliojiandikisha tu, na sahani zinatoka kwa mpangilio, kwa hiyo saa zao si za kubembeleza. Chumba hufunguliwa saa tisa alasiri, meza huanza saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, na kesho yake unatoka saa nne au tano asubuhi. Fomu itakuuliza saa ya kufika. Ukiandika 15:00 ukafika saa mbili usiku, chakula kimekwisha na fedha hairudi. Treni ikichelewa, piga simu, au mwombe mtu wa stesheni akupigie. Wakijua mapema wanaweza kusogeza kidogo.

Ndiyo maana sikushauri kulala ryokan Kyoto, ingawa Kyoto ndiko kuna majina makubwa kama Tawaraya na Hiiragiya (hii ya pili ni ya mwaka 1818). Kyoto utataka kuzunguka mahekalu mpaka jua lizame, kisha utalipa bei ya jioni ambayo hukuitumia. Pale lala hoteli ya kawaida. Hakone, mji mwingine wa onsen, ni karibu na Tokyo lakini ryokan zake zimetawanyika milimani, utapanda mabasi na treni ndogo siku nzima.

Nenda Kinosaki Onsen, mkoa wa Hyogo, pwani ya Bahari ya Japani. Kutoka Kyoto kuna treni ya haraka ya moja kwa moja, kama saa mbili na nusu. Kutoka Osaka ni zaidi kidogo. Pasi ya JR (shirika la reli la Japani) ya nchi nzima inaifikia, na ile ya eneo la Kansai Wide pia. Mji mzima unatembea kwa miguu: mto mdogo katikati, mierebi kandokando, madaraja ya mawe, nyumba za mbao za ghorofa mbili tatu. Tetemeko la Mei 1925 liliuharibu mji, wakaujenga upya kwa sura ileile ya zamani.

Mpango wa Kinosaki ni tofauti na miji mingine ya onsen. Kuna mabafu saba ya umma, na mgeni wa ryokan yoyote hupewa pasi ya kuyaingia bure. Unavaa yukata, ile kanzu nyepesi ya pamba unayopewa chumbani, na viatu vya mbao viitwavyo geta, unatoka bafu hili unaingia lile. Mji mzima umevaa hivyo, hutajiona kituko. Kwa hiyo hata ryokan ndogo ya vyumba saba isiyo na bafu kubwa ndani bado inatosha, na bei yake ni nafuu. Kila bafu hufungwa siku moja kwa wiki, ila si yote kwa siku ileile, basi uliza mapokezi lipi limefungwa kabla hujajipanga. Goshono-yu, moja ya hayo saba, huwa na watu wengi jioni. Baada ya chakula, kama saa tatu usiku, hupungua. Jambo jingine kwa wenye chale (tattoo) mwilini: sehemu nyingi za Japani huwazuia, lakini mabafu yote saba ya Kinosaki huwaruhusu.

Msimu unabadilisha bei kuliko kitu kingine chochote pale. Kaa dume wa theluji, wao humwita Matsuba, huvuliwa kuanzia 6 Novemba mpaka 20 Machi. Katika miezi hiyo ryokan nyingi huuza chakula cha kaa peke yake, na bei inaweza kufika maradufu. Kama hamli kaa, au hamjali, nendeni Mei, Juni au Oktoba, mtalishwa samaki na ng'ombe wa Tajima, ndiyo mbegu inayotoa nyama maarufu ya Kobe. Epuka usiku wa Jumamosi, wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Jumapili usiku hadi Alhamisi ndiyo nafuu.

Sasa chakula kwa Mwislamu. Nguruwe ni tatizo dogo, kaiseki haimtumii sana. Tatizo ni pombe ya kupikia: sake na mirin zimo kwenye mchuzi wa samaki, kwenye mboga za kuchemsha, kwenye kitu usichokidhania. Na nyama ya ng'ombe au kuku haijachinjwa kwa halali isipokuwa waseme wazi. Asiyekula nyama kabisa naye asidhani amepona, kwani karibu kila supu imeanzia kwenye dashi, maji ya mwani na samaki mkavu.

Kwa hiyo andika wiki mbili kabla, si siku ya kufika. Usiandike neno "halal" peke yake, wengine wataondoa nguruwe tu waone wamemaliza. Taja vitu kimoja kimoja: hakuna nguruwe, hakuna nyama ya ng'ombe wala kuku, samaki na viumbe wengine wa baharini sawa, hakuna sake wala mirin hata ya kupikia. Kwa Kijapani cha maandishi ya Kilatini: *Butaniku, gyūniku, toriniku to arukōru wa taberaremasen. Mirin to ryōrishu mo tsukawanaide kudasai.* Ukitafsiri kwa programu ya simu ukapata herufi zao, bora zaidi. Halafu uliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana: mnaweza au hamwezi? Wengi watajibu hawawezi, na hilo ni jibu la heshima. Jikoni dogo lenye mpishi mmoja haliwezi kupika mchuzi wa pili kwa meza moja. Wakikataa, chukua sudomari, yaani chumba bila chakula, ubebe chako au ule nje. Lakini jua kwamba mji mdogo hulala mapema, migahawa mingi hufunga saa mbili usiku, kwa hiyo tafuta pa kula kabla hujaingia kwenye maji. Ryokan ikikataa kwa barua pepe ni nafuu kuliko kukaa mbele ya sahani kumi na mbili usizoweza kugusa, na mpishi akidhani amekukosea.

Kwa swala hakuna shida: chumba ni cha mikeka ya tatami, hakuna kiatu kilichowahi kukikanyaga. Kibla kutoka Japani ni magharibi, ikiinama kidogo kaskazini.

Kuoga kuna taratibu zake. Mabafu ya wanaume na wanawake yametengwa kwa pazia mlangoni, mara nyingi la bluu na jekundu, lakini soma herufi: 男 ni wanaume, 女 wanawake. Ryokan nyingi hubadilishana usiku, bafu uliloingia jioni asubuhi ni la wake zetu, hivyo usiende kwa mazoea. Ndani hakuna nguo, hata ya kuogelea. Kaa kwenye kistuli kidogo, jisugue kwa sabuni ujimwagie mpaka povu liishe, ndipo uingie majini. Kitaulo kidogo hakiguswi na maji ya bwawa, wenyewe hukiweka kichwani. Maji huwa nyuzi 40 hadi 43. Dakika tano hadi kumi kwa mara ya kwanza, toka, pumzika, rudi. Wanaozimia ni wale waliotoka kwenye safari bila kunywa maji, au waliotoka kwenye pombe. Mwenye presha au mjamzito amuulize daktari kwanza.

Dada zetu wenye misuko au nywele za kuongeza: zifungwe juu, zisiguse maji, njooni na kofia ya kuogea, maana hupewi kila mahali. Vito vya fedha acheni chumbani, maji yenye salfa huvigeuza vyeusi kwa mara moja.

Asiyetaka kuonekana na mtu achague kashikiri, bafu la faragha linalokodishwa kwa dakika 45 au 50, mume na mke huingia pamoja. Ryokan nyingine hutoa bure, nyingine hutoza. Nafasi hujaa ukifika tu, kwa hiyo ukisaini kitabu cha mapokezi, omba bafu kabla ya kuomba chai. Chumba chenye bafu lake la nje kipo pia, ila bei huruka.

Chumbani. Ukubwa hupimwa kwa mikeka: mikeka minane ni kama mita 13 za mraba, inawatosha wawili. Viatu vinabaki mlangoni mwa nyumba, ndara za ukumbini zinavuliwa kabla ya tatami, na chooni kuna ndara zake. Kosa la kila mgeni ni kurudi nazo chumbani. Sanduku lenye magurudumu libebe, usiliburute, na usilipandishe kwenye kile kijukwaa cha ukutani chenye ua na picha. Godoro hutandikwa sakafuni wakati mnakula. Yukata hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kinyume chake ni vazi la maiti, na mhudumu atakurekebisha kwa haraka kabisa. Mrefu kupita sentimita 180 aombe saizi kubwa mapema. Mwenye magoti mabovu aombe chumba chenye vitanda au meza yenye shimo la miguu, vinginevyo saa mbili za kukaa chini zitamtesa. Nyumba za zamani mara nyingi hazina lifti, na kuta ni nyembamba, kikohozi cha jirani mtakisikia.

Mizigo mikubwa msiende nayo. Hoteli ya Kyoto itaituma kwa huduma ya takkyubin mpaka hoteli ya mji unaofuata. Kwa kawaida inafika kesho yake, kama yen 2,000 hadi 3,000 kwa sanduku. Nyinyi mnabaki na begi la usiku mmoja.

Bakshishi haitakiwi. Fedha taslimu bebeni, nyumba ndogo nyingine hazipokei kadi. Pasipoti watainakili, ni sheria yao kwa mgeni asiye na makazi Japani.

La mwisho ni viza. Wenye pasipoti za kawaida za Tanzania na Kenya huomba viza kabla ya safari, na ubalozi unataka ratiba ya siku kwa siku yenye mahali pa kulala. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila malipo, usilipe moja kwa moja mpaka viza itoke. Soma masharti ya kufuta kwa makini: ryokan nyingi huanza kukata asilimia siku kadhaa kabla, na asiyetokea kabisa hulipa zote. Ukishapata viza, thibitisha saa ya kufika na habari ya chakula kwa ujumbe mmoja, na uuhifadhi kwenye simu ili uwaonyeshe mapokezi.