Mwanangu Alifeli Tarumbeta: Ya Kujua Kabla Mtoto Hajaingia Bendi ya Shule Marekani

Ilikuwa Oktoba. Nimetoka shifti ya usiku, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Houston, macho kama yametiwa mchanga. Simu ikalia. Barua pepe ya shule: alama za mtoto wangu wa kwanza, darasa la 6, mwaka wake wa kwanza katika shule ya kati. Hisabati 88. Sayansi 91. Kiingereza 85. Bendi 64.

Nikasoma tena. Hapa Texas chini ya 70 ni kufeli. Maana yake mtoto anayenisahihisha Kiingereza mbele ya wageni alikuwa amefeli tarumbeta.

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha baba yake. Akaishika simu mbali kidogo, kama wanavyofanya wasiotaka kukubali kwamba wanahitaji miwani, akasema, "Na hilo nalo ni somo?"

Ndiyo, baba. Ni somo. Na kama kuna jambo moja tu utakaloondoka nalo hapa, basi liwe hilo, kwa sababu sisi tulilipia kulijua.

Ukisema bendi kwa mtu wa kwetu, anachokiona ni matarumbeta ya harusi: Jumamosi, Dar es Salaam, vijana wamejipanga nyuma ya pikapu, msafara unapita na dada mmoja anacheza barabarani hajali foleni. Au anakumbuka bendi ya shule siku ya mahafali, watoto wachache waliochaguliwa kwa sababu wana kipaji. Hapa haiko hivyo. Bendi iko ndani ya ratiba ya masomo, kipindi cha kila siku au cha kuruka siku moja, na anayeingia darasa la 6 hatarajiwi kujua lolote. Texas inamtaka kila mwanafunzi apate walau somo moja la sanaa kati ya darasa la 6 na la 8, na bendi ni mojawapo ya njia za kulitimiza. Kwa hiyo kuna alama, kuna mitihani, na kuna kufeli. Tena tangu mwaka 1984 kuna sheria ya jimbo inayomzuia mwanafunzi aliyefeli somo kushiriki mashindano na shughuli za ziada, na siku hizi ni kwa walau wiki tatu. Akifeli hisabati, bendi yake inaweza kwenda kushindana yeye akabaki. Walimu wa bendi wanaijua sheria hiyo kuliko walimu wa hisabati wenyewe.

Sasa, 64 ilitoka wapi? Kulikuwa na karatasi. Kila Jumatatu mtoto alikuja na karatasi ya mazoezi yenye visanduku: Jumatatu dakika ngapi, Jumanne dakika ngapi, mzazi tia sahihi. Lengo lilikuwa dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Ijumaa asubuhi ananikuta nikiwa na usingizi, ananipa kalamu, natia sahihi. Dakika mia moja. Sikuwa nimesikia hata dakika kumi. Mwalimu naye si mtoto: kila baada ya wiki mbili hivi aliwapa mtihani wa kupiga, mstari mmoja wa kitabu, mtoto peke yake, wenzake wakisikiliza. Karatasi ilisema dakika 100, tarumbeta ikasema sifuri. Nilipokwenda kuonana naye hakugombana nami. Aliziweka zile karatasi mezani, sahihi zangu zote zikiwa zimefanana, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mahali ambapo mtoto anaweza kupiga kelele.

Swali hilo lilinichoma kuliko alama. Jibu lilikuwa hapana. Tunaishi ghorofa ya pili, mimi nalala mchana, na kila alipogusa ile tarumbeta nilimwambia anyamaze. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfelisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu saa na chumba. Kaeni chini mpange lini mtoto atapiga na wapi, na wote wa nyumbani wakubali. Sisi tulichagua saa kumi na mbili jioni, jikoni, mimi nikipika. Jirani wa chini nilimpelekea sahani ya maandazi nikamweleza. Mpaka leo tukikutana kwenye ngazi ananiuliza tarumbeta inaendeleaje. Dakika ishirini za kila siku zinamfaa mtoto kuliko saa mbili za Jumapili, kwa sababu midomo ni misuli, na anayeanza huchoka baada ya muda mfupi tu. Ukimlazimisha aendelee anabana midomo, sauti inakwama, na kesho yake hataki kuiona.

Nije kwenye ala yenyewe, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kwa kawaida mtoto akiwa bado darasa la 5, majira ya kuchipua, shule huita wazazi kwa siku ya kujaribu ala. Anapuliza hiki, anapuliza kile, walimu wanaangalia midomo, meno, urefu wa mikono, kisha anaandika chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu. Msiende mkidhani atapewa la kwanza. Bendi inahitaji mchanganyiko. Haiwezi kuwa na saksafoni arobaini na tuba moja. Karibu kila mtoto anataka ngoma, nafasi ni chache, na anayezipata hugundua kwamba mwaka wa kwanza anapiga kipande cha mpira juu ya stendi, na muda uliobaki anajifunza kusoma noti kwenye vibao vya chuma. Kama mwanao ana nyaya za meno au anakaribia kuwekewa, mwambieni mwalimu siku hiyohiyo. Tarumbeta inagandamiza midomo kwenye meno. Inawezekana, lakini wiki za kwanza zinauma.

Ala kubwa na ghali, kama tuba, mara nyingi ni mali ya shule na unalipa ada ndogo ya mwaka. Filimbi, klarineti, tarumbeta, tromboni na saksafoni unatafuta mwenyewe. Nikasema, mie nikatoe dola thelathini na kitu kila mwezi kukodi tarumbeta, wakati mtandaoni kuna mpya, inang'aa rangi ya buluu, dola 110 na mkoba wake na glavu nyeupe? Nikaagiza. Ilipofika tulipiga picha. Wiki ya tatu kitufe cha pili kikawa kinazama hakirudi. Nikaipeleka kwa fundi wa ala. Aliishika, akaigeuza, akabonyeza mara mbili, akanirudishia. Vipuri vyake havipo, akasema, na chuma chake ni laini mno kukifanyia kazi. Kisha akaniambia mafundi wana jina la vitu hivi: kitu chenye umbo la ala. Tarumbeta ile sasa iko ukutani sebuleni, na wageni wanaisifu sana.

Kodini. Mikataba mingi hapa ni ya kukodi huku ukinunua: kila unacholipa, au sehemu yake, kinahesabiwa kwenye bei, na mtoto akiacha unairudisha. Ongezeni bima ya dola chache kwa mwezi. Mtoto wa miaka kumi na moja anayepanda basi la shule na mkoba wa chuma ataudondosha, hilo halina mjadala. Ikiwa pesa ni tatizo, semeni na mwalimu faragha, mapema, kabla ala za shule hazijagawiwa zote. Sisi tunaona aibu kuomba, lakini walimu wa bendi nilioshughulika nao wanachukia zaidi kumpoteza mtoto kwa sababu ya kodi.

Hadithi ya koleo siwezi kuiacha. Kile kipande cha kupulizia kwenye tarumbeta kinachomekwa tu, hakikazwi. Watoto wanakipigapiga kwa kiganja ili watoe mlio wa "pop", na kinakwama. Cha kwetu kilikwama usiku wa kuamkia mtihani. Baba yao akaleta koleo. Nilisikia chuma kikilia nikiwa chumbani. Bomba likapinda kama mrija wa soda, bima ikaokoa jahazi. Asubuhi mwalimu akatuonyesha kifaa kidogo cha kukaza kwa mkono kinachotoa kile kipande kwa nusu dakika, bure. Maduka ya ala wanacho pia. Koleo, tafadhali, libaki kwenye gari.

Na maji. Tarumbeta huogeshwa, ndiyo, unaivua vitufe na kuisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Binti yangu, aliyekuja kuanza klarineti miaka miwili baadaye, aliyaona hayo, na siku moja nikamkuta bafuni na klarineti yake, maji yanajaa. Nilipiga kelele ambayo jirani wa chini aliisikia. Chini ya vitufe vya klarineti kuna vipedi. Vikilowa vinavimba na ala haizibi tena upepo. Hiyo inafutwa kwa kitambaa kinachovutwa ndani yake kila baada ya kupiga, na kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni kinatolewa na kuwekwa kwenye kijaluba chake. Kuhusu mianzi hiyo: inapasuka. Nunueni boksi, waanzao hutumia namba 2 au 2 na nusu, na mtoto awe nayo kadhaa mkobani. Ukiwa nao mmoja tu, utapasuka siku ya mtihani.

Baadhi yenu mmeimba kwaya na mnajua solfa. Mimi pia, soprano, miaka tisa. Nilidhani nitamsaidia mtoto, nikampeleka kwenye kinanda cha kanisa, nikamwambia nipe do. Akapiga noti ya C ya kitabuni kwake, mimi nikapiga C ya kinanda, zikagombana. Baba yake akasema tarumbeta mbovu. Haikuwa mbovu: tarumbeta na klarineti za kawaida zimetengenezwa kwa B bemoli, noti iliyo chini kidogo ya C, kwa hiyo C yao ni B bemoli ya kinanda. Ndiyo maana mwalimu akitaka wote wapige sauti moja, kila ala inasoma noti tofauti. Ukishalijua hilo, solfa inakuwa msaada mkubwa. Do ni popote unapoiweka. Mwimbieni mtoto mstari kabla hajaupiga. Akiuimba, vidole vinafuata.

Tarehe za maonyesho mtapewa Agosti, mwaka wa shule unapoanza. Ziwekeni kwenye simu siku hiyohiyo, kwa sababu onyesho linahesabiwa kama mtihani mkubwa, na "tulikuwa na send-off ya binamu" haikubaliki kama hamkusema wiki kadhaa kabla. Mavazi kwetu yalikuwa shati jeupe, suruali nyeusi, soksi nyeusi, viatu vyeusi. Soksi zinaangaliwa, msinicheke. Na muda: onyesho la Desemba lilianza saa kumi na mbili jioni, watoto walitakiwa saa kumi na moja na robo. Tulifika saa kumi na moja na nusu tukijiona wazungu. Mlango ulikuwa umefungwa, ndani wanapasha ala moto. Usemi wa walimu hawa ni kwamba ukifika kwa wakati umeshachelewa.

Bibi yangu, mzaliwa wa Tanga, nilipomsimulia kwa simu alicheka sana. Akanikumbusha beni, ngoma iliyozaliwa pwani yetu kwa kuiga bendi za kijeshi, na jina lake lenyewe ni hilo neno bendi likiwa limevaa kanzu. Vikundi vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare zilizopigwa pasi, vyeo, na gwaride. Anasema baba yake hakuwa na viatu vya kazini, vya beni alikuwa navyo. Kwa hiyo habari ya soksi haikumshangaza hata kidogo.

Limebaki la kuacha. Agosti wote wanafurahi. Oktoba utamu umekwisha, ala inalia kama mbuzi, na mtoto anakuja na sura ya huruma: mama, nataka kuhamia sanaa ya kuchora. Mwanangu alikuja nayo wiki ileile ya 64. Nilitaka kukubali, tena upesi, nilale. Mwalimu akaniomba nisimtoe kabla ya Desemba, kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kukaa katikati ya wenzake hamsini wakatoa sauti moja bado hajui anaacha nini. Tukakubaliana na kijana, kwa maandishi, karatasi iko kwenye friji mpaka leo: unapiga hadi Mei, dakika ishirini, jikoni, mimi nipo, Mei ukitaka kuacha, unaacha na hakuna atakayekununia.

Mei ilifika nikamkumbusha. Akaniuliza, "Mkataba gani?" Sasa yuko darasa la 8, na tunachogombana siku hizi ni tarumbeta ya saa nne usiku.