Jibu: namba za masikio kwa Duroc
Kaka wa Mtwapa umeuliza kwa nguruwe wa Duroc, wale wekundu, ukate vialama ukingoni mwa masikio ama upige tatuu ili kuwatambua, we kata tu, tatuu ni ya nguruwe weupe kama Laji Waiti (Large White), kwa ngozi nyekundu wino hauonekani. Sikio la kulia ni namba ya uzao, la kushoto ni namba ya kitoto chenyewe, na kulia ni kulia kwake nguruwe sio kwako ukimwangalia usoni, hapo ndo wengi huchanganya. Kila mkato una thamani yake kulingana na mahali ulipo: ukingo wa chini una 1 na 3, wa juu 9 na 27, nchani mwa sikio la kulia 81, kisha unajumlisha. Uzao wa 13 kitoto cha 5: kulia kata 9, 3 na 1, kushoto 3 moja na 1 mbili. Fanya wakiwa na siku 1 hadi 3, koleo lioshwe dawa, mikato ya ukingoni isikaribie ncha sana, itapasuka. Alafu andika papo hapo tarehe, mama na dume, maana sikio bila daftari ni nyama tu. Fomu za kuandikisha ulizia Kenya Stud Book, wanaoandikisha mifugo ya mbegu safi, wako Nakuru, Mombasa hapa utazunguka bure.