Mimi ndiye niliyegongelea misumari

Baba mkubwa aliporudi kutoka hospitalini na dawa za kifua kikuu, watu walijaa nyumbani hata hajaketi. Jioni jumuiya ikaja kumwombea. Tulikuwa kumi na watatu chumba kimoja, dirisha limefungwa, pazia limegongelewa misumari, eti upepo utamzidishia kikohozi. Muuguzi wa zahanati alipopita kesho yake alisimama mlangoni, akauliza tu nyundo iko wapi.

Sisi Walutheri, na aibu ilinizidi nilipokuja kusoma aliyoandika Martin Luther kuhusu tauni. Agosti 1527 ugonjwa ulikuwa umeingia Wittenberg, mji wake huko Ujerumani. Chuo kikuu kikahamia mji wa Jena, mtawala wa Saxony, jimbo lao, akamtaka Luther naye aondoke. Akabaki, yeye na mchungaji Johannes Bugenhagen. Nyumba yake ikageuka wodi huku mkewe Katharina ni mjamzito.

Wachungaji wa mji wa Breslau walikuwa wamemwuliza: Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni? Nilidhani atasema kaeni wote, mfe na imani yenu. Wapi! Mwenye dhamana ya watu ndiye asiyeruhusiwa kuondoka: mchungaji, meya, hakimu, tabibu, mzazi mwenye watoto. Wengine, mradi wagonjwa wana wa kuwaangalia, waende tu wala wasisemwe. Waliokataa dawa na tahadhari kwa kujionyesha imani aliwaambia wanamjaribu Mungu. Yeye mwenyewe ataomba, atafukiza nyumba, atakunywa dawa, na hatakwenda asikohitajika, asije akampelekea mwingine maradhi. Jirani akimhitaji, atakwenda.

Hilo la "asikohitajika" ndilo lililonichoma. Wangapi kati ya wale kumi na watatu walihitajika mle ndani?

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa wa kifua kikuu, kaeni mpange nani anafanya nini. Zamu ya dawa nilipewa mimi, naona kama adhabu ya misumari: kila asubuhi nakaa naye mpaka ameze, natia alama kwenye kadi. Wengine walileta uji, wakafua, wakachanga nauli ya kliniki. Maombi yakahamia uani, chini ya mwembe. Wapo walionong'ona kwamba tunamtenga mzee. Waacheni wanong'one, ila msimtenge kweli. Mama mkubwa alikuwa ameshamwekea sahani yake peke yake na kikombe chenye uzi mwekundu. Tukavirudisha kabatini, kwa sababu kifua kikuu hupita hewani, hakipiti kwenye vyombo wala kwa kupeana mkono. Na sote wa nyumba ile twende tukapimwe, watoto wadogo kwanza. Hapo msikubali kisingizio cha mtu yeyote.

Dozi ya miezi sita ilipoisha, baba mkubwa akaomba pazia lake lirudi. Tulilirudisha, safari hii kwa kamba.