Buluu ya Kaniki: Kutafuta Rangi ya Ukuta Mmoja Shela

Nyumba ninayoisimamia iko Shela, kisiwani Lamu, vichochoro vitatu kutoka ufuoni. Wenyewe huja Agosti na mwisho wa mwaka. Siku zilizobaki hulala wageni. Chumba kimoja kimepigwa buluu nzito kuta zote nne, buluu ambayo bibi zetu wangeiita rangi ya kaniki. Mwenye nyumba aliibeba mwenyewe kutoka Uingereza miaka saba iliyopita: Hague Blue, nambari 30, ya kampuni ya rangi ya Uingereza, Farrow & Ball. Huku kwetu ndani hupakwa nyeupe, kwa hiyo nilipoiona mara ya kwanza nilisema chumba kimekuwa pango. Nilikosea. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dirisha dogo, shuka nyeupe. Ukitoka juani ukaingia mle ni kama umetia uso kwenye mtungi wa maji.

Mwaka juzi bomba la bafu likavuja ndani ya ukuta. Chumvi ikatoka, rangi ikavimba, plasta ikaanza kumwagika kitandani. Fundi akakwangua, bomba likatengenezwa, plasta ikapigwa upya, tukabaki na kiraka cha kijivu upana wa kitanda.

“Sasa mama, rangi,” fundi akaniambia.

“Ipo, nusu kopo liko stoo.”

Tulipolifungua sote wawili tulirudi nyuma. Mayai viza! Rangi ya maji ikishafunguliwa huingiwa na vijidudu, na stoo ya bati kwa joto la hapa haijui kuhifadhi kitu. Usijaribu kuichuja wala kuitia manukato, tupa tu. Hapo ndipo ilipoanza safari ya kutafuta buluu ile kwa kampuni nyingine, maana kuagiza kopo moja Uingereza kwa ajili ya kiraka ni kutafuta ugomvi na pochi.

Kosa la kwanza lilikuwa la simu. Nilipiga picha ukuta, nikaituma duka moja la rangi Malindi, nikaambiwa nisijali. Kopo la lita 4 likaja kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, likapanda punda hadi mlangoni. Fundi akapaka kipande, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, “Mama, hii sare ya shule.” Ilikuwa buluu ya kwenda zambarau, ya kushangilia. Simu ikiona giza hulitia mwanga yenyewe, na ikiona buluu nyingi hukisia taa ya chumba ni ya namna gani kisha hurekebisha. Ukijani uliomo ndani ya Hague Blue, ambao ndio roho yake, picha iliutupa wote.

Kosa la pili, ambalo kwa bahati sikulifanya ila nilikaribia, ni kuamini jina na nambari. Nambari ya kampuni hii haina maana kwa kampuni ile. Sherwin-Williams, kampuni ya rangi ya Marekani, waliitangaza Naval, SW 6244, kuwa rangi yao ya mwaka 2020, na kwa mwaka huo huo Pantone, wanaojulikana kwa orodha zao za rangi, wakaitangaza Classic Blue, 19-4052. Zote mbili zinaitwa buluu. Ziweke pamoja uone: moja ni bahari usiku, nyingine ni bahari saa nne asubuhi. Kompyuta za maduka mengine huwa na fomula za rangi za kampuni za nje, nawe ukitaja jina inatoka. Muulize muuzaji kama fomula hiyo ina kopo lililowahi kupakwa na kuonekana kwa macho, au ni hesabu tu. Kila kampuni ina wino wake na besi yake, yaani rangi ya msingi inayotiwa wino huo, na hesabu ya buluu nzito hukosea upesi. Wino wa buluu unaotumiwa sana kwenye mashine hizo, thalo, una nguvu ajabu, na tone moja la ziada la nyeusi au la zambarau linabadilisha kabila la rangi.

Basi nikafanya lililo sawa, lakini nusu. Nikachukua wembe, nikakata kipande cha rangi pamoja na ngozi ya plasta, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Kwa kuwa sikutaka kuharibu ukuta unaoonekana, nilikikata nyuma ya kabati. Nikakitia kwenye bahasha, nikaenda Malindi mwenyewe. Kijana wa duka la pili alikuwa na kifaa cha kusomea rangi, spektrofotomita, akakigandamiza juu ya kipande changu kama mtu anayepiga muhuri. Kifaa hutoa mwanga wake chenyewe na kupima unaorudi, kwa hiyo kipande lazima kiwe bapa, safi, kisicho na vumbi la chokaa. Mashine ikadondosha wino, kopo likatikiswa. Kisha akafanya jambo ambalo nataka umdai kila muuzaji alifanye kabla hujalipa: alichovya kidole, akapaka tone la rangi mpya juu ya kipande changu cha zamani, akalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele. Tone likiwa bichi lilionekana wazi, limepauka. Lilivyokauka likazidi kukolea, likakolea, hadi nikawa silioni. Nilimshika mkono kijana wa watu kwa furaha.

Nyumbani nikapaka kipande karibu na kiraka. Haikulingana.

Nilikaa chini kwanza. Kisha nikasogeza kabati, nikapaka kidogo pale pale nilipokata. Pale ilimezwa kabisa. Nilikuwa nimelinganisha kwa ustadi mkubwa rangi ya nyuma ya kabati, kaniki iliyotoka dukani, wakati ukuta wenyewe kwa miaka hiyo yote umekuwa kaniki iliyofuliwa. Jua la dirishani, kitambaa cha kufutia vumbi, migongo ya wageni. Ukikata kipande, kikate mahali macho yatakapokuwa yakitazama, hata kama moyo unauma.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo kifaa hakilisemi, nalo ni mng'ao. Rangi ya Farrow & Ball iliyokuwa ukutani ni Estate Emulsion, ambayo mng'ao wake ni asilimia 2 tu, kama unga. Mimi nilirudi na silki, rangi yenye mng'ao, kwa sababu ndiyo niliyozoea kununua na inafutika vizuri. Kwenye nyeupe utofauti huo huuoni. Kwenye buluu nzito, ukisimama mlangoni, silki inarudisha dirisha zima usoni mwako na kupauka. Ukisimama pembeni inakuwa nzito kuliko jirani yake. Fomula ile ile, besi isiyong'aa, ni kitu kingine kabisa.

Na kuna taa. Kipande changu kilichofanana saa sita mchana kiliachana na ukuta saa mbili usiku chini ya balbu ya manjano. Hii ina jina, metamerizimu: rangi mbili zilizotengenezwa kwa wino tofauti zinaweza kufanana chini ya mwanga mmoja na kukosana chini ya mwingine. Huwezi kuitibu kwa kubahatisha matone. Unachoweza ni kujua chumba chako kinatumika saa ngapi. Chumba cha kulala ni cha usiku, kwa hiyo balbu ndiyo hakimu, na jua liseme linavyotaka. Siku hizi nachukua kadi ngumu, napaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, hadi ukingoni bila kuacha mstari mweupe (weupe unadanganya, hufanya buluu ionekane nyeusi), naiacha ikauke usiku mzima kwa sababu unyevu wa hapa haukubali haraka, kisha naibandika ukutani na kuitazama alfajiri, adhuhuri na baada ya isha.

Mwishowe fundi ndiye aliyenitoa kwenye mateso. “Mama, acha kutafuta kiraka. Piga ukuta wote, pembe kwa pembe.” Ushauri wa watu wa kazi huwa mfupi hivyo. Kuta mbili zinazokutana kwenye pembe hazipokei mwanga sawa hata zikitoka kopo moja, na jicho limezoea kuzisamehe. Kiraka katikati ya ukuta halikisamehe hata siku moja.

Ukuta wetu ni mita 3.5 kwa 3, yaani mita za mraba kumi na nusu. Lita moja hufunika kama mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, na buluu nzito haitulii chini ya mikono mitatu, kwa sababu besi ya rangi nzito ina weupe kidogo sana au haina kabisa, na weupe ndio unaoficha kilicho chini. Nikaagiza kopo moja la lita 4, si manne ya lita moja. Kwenye makopo madogo mashine hupima matone madogo mno, na kosa dogo huwa kubwa. Ukilazimika kuwa na mawili, yamwage kwenye ndoo moja uyakoroge pamoja kabla ya kuanza. Koroga kutoka chini kabisa, maana wino huzama, na kutikiswa na punda hakuhesabiki kuwa kukoroga.

Kiraka tulikuwa tumekipa wiki nne kikauke, kwa sababu ukali wa saruji mbichi hula rangi, kisha kikapigwa praima, rangi ya kutangulia. Na lile kopo la sare ya shule? Fundi alilitumia kwa mkono wa chini. Buluu juu ya buluu, hata ikiwa si yenyewe, inafunika haraka kuliko buluu juu ya kijivu cha plasta. Juu yake ikaja mikono miwili ya ile ya kweli, isiyong'aa, iliyosomwa kutoka kipande kipya nilichokata kando ya dirisha.

Mwenye nyumba alikuja Agosti. Alilala mle siku kumi na hakusema neno juu ya ukuta, nami sikumuuliza. Ndani ya mlango wa kabati nimebandika karatasi: jina la rangi ya zamani, fomula yote ya mpya kama ilivyochapishwa kwenye kibandiko cha kopo, aina ya besi, kwamba haing'ai, na tarehe. Rangi iliyobaki nimeihamishia kwenye chupa ya kioo, nikaijaza hadi mdomoni isibaki hewa, nikaiweka chini ya ngazi penye baridi, mbali na stoo ya bati.